Makosa ya linka kwenye vigeu vya uzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwama: mafaili yote yamekompailiwa bila neno, kisha linka (inayounganisha mafaili yaliyokompailiwa kuwa programu moja) ikatema mstari wenye herufi TLS (thread-local storage, yaani hifadhi ya vigeu vya uzi) na kugoma. Mifano mingi ni ya Linux, kwa GCC au Clang pamoja na linka ya GNU, maana huko ndiko maswali mengi yanakotoka. Windows, macOS, Android na vifaa visivyo na mfumo endeshi vina sehemu yao huko mbele. Katika mifano yote kigeu chetu kinaitwa `hesabu`.

Kabla ya kuongeza opsheni yoyote kwenye Makefile, soma ujumbe mzima. Mara nyingi umetaja mafaili mawili, na ugomvi uko kati ya hayo mawili.

## Misingi

1. Kigeu cha uzi ni nini, na linka inahusikaje?

Kigeu cha kawaida cha nje ya funksheni kiko kimoja kwa programu nzima. Nyuzi (threads) zote zinasoma na kuandika mahali pamoja. Kigeu cha uzi kina nakala moja kwa kila uzi. Uzi ukianza hupewa nakala yake, ukiisha nakala hiyo inaondoka nao.

Kwa sababu hiyo kigeu cha uzi hakina anwani moja ambayo linka inaweza kuiandika ndani ya programu. Kilichopo ni umbali: baiti kadhaa kutoka kwenye kielekezi cha uzi, ambacho kwenye x86-64 kinakaa katika rejista `fs`, kwenye i386 katika `gs`, na kwenye AArch64 katika `TPIDR_EL0`. Thamani za kuanzia huwekwa katika sehemu ya `.tdata`, vigeu vinavyoanza na sifuri huwekwa katika `.tbss`, na zote mbili huingia kwenye segmenti ya `PT_TLS`, ambayo ndiyo kielelezo cha kutengenezea nakala za nyuzi.

Kompaila inapotafsiri faili moja hailioni jingine. Inaamini ulichotangaza. Ukitangaza katika faili moja kwamba `hesabu` ni cha uzi na katika jingine kwamba ni cha kawaida, kompaila itatoa amri za prosesa za aina mbili tofauti kabisa, na wa kwanza kugundua ni linka.

2. `__thread`, `_Thread_local`, `thread_local` na `__declspec(thread)` ni kitu kimoja?

Karibu, lakini si kabisa. `__thread` ni nyongeza ya GCC, nayo Clang inaikubali. `_Thread_local` ililetwa na C11, pamoja na makro `thread_local` ndani ya `<threads.h>`, katika C23 `thread_local` imekuwa neno la lugha lenyewe. `__declspec(thread)` ni ya Microsoft.

Katika C, `__thread` na `_Thread_local` zinatoa matokeo yaleyale, kwa hiyo kuzichanganya hakuleti kosa la linka. Tofauti inayouma iko kwenye C++. Huko `thread_local` inaruhusu kigeu kianzishwe na konstrakta wakati programu inakimbia, ilhali `__thread` inakubali thamani isiyobadilika peke yake. Kwa ajili ya ruhusa hiyo kompaila ya C++ hutengeneza funksheni za pembeni, na hizo ndizo chimbuko la makosa ya swali la 16.

3. Nitajuaje kama jina fulani ndani ya faili la `.o` ni la TLS?

Tumia `readelf`:

```
readelf -sW a.o | grep hesabu
readelf -sW b.o | grep hesabu
```

Safu ya aina ikisema `TLS`, faili hilo linakichukulia kigeu kuwa cha uzi. Ikisema `OBJECT`, kimefafanuliwa humo kama kigeu cha kawaida. Rejeo la kigeu kilichofafanuliwa kwingine lina `UND` mwishoni: `TLS ... UND` ni rejeo la uzi, `NOTYPE ... UND` ni rejeo la kawaida.

Usitegemee `nm` kwa kazi hii. Inaonyesha `B` au `D` kwa kigeu cha uzi na kwa kigeu cha kawaida vilevile, ukabaki ulipokuwa.

4. Je, nimesahau `-pthread` tu?

Hapana, labda iwe una kosa jingine pembeni. Kigeu cha uzi hakihitaji maktaba ya nyuzi ili kilinkiwe; hata programu yenye uzi mmoja inaweza kuwa nacho. Tangu toleo 2.34 la glibc (maktaba ya C ya GNU) la mwaka 2021, `libpthread` yenyewe imeingizwa ndani ya `libc`. Opsheni hiyo iweke kama unatumia nyuzi, ila usitegemee kwamba itaondoa ujumbe wenye neno TLS.

## Mafaili yasiyokubaliana

5. "TLS definition in a.o section .tbss mismatches non-TLS reference in b.o" maana yake nini?

Ujumbe huu ndio wa wazi kuliko wote. `a.o` kimefafanua `hesabu` kama kigeu cha uzi, `b.o` kinakirejelea kama cha kawaida. Linka haina namna ya kuwapatanisha, kwa kuwa amri za prosesa zimeshaandikwa. Una sura nne za ujumbe huohuo: ufafanuzi dhidi ya rejeo, rejeo dhidi ya ufafanuzi, ufafanuzi mbili, au marejeo mawili. Hiyo ya mwisho huwashangaza watu, kwani hakuna hata mmoja kati ya waliotajwa aliyefafanua kigeu.

Mara nyingi mtu ameandika tangazo kwa mkono ndani ya faili la `.c`:

```
/* a.c */
_Thread_local int hesabu;

/* b.c */
extern int hesabu;
```

Dawa ni tangazo moja, `extern _Thread_local int hesabu;`, ndani ya faili moja la `.h`, na mafaili yote mawili yaliingize hilo. Hasa yule anayefafanua: akiingiza `.h` yake mwenyewe, kompaila itagundua kutokubaliana mapema na kukuambia mstari.

Kama tayari umefanya hivyo na kosa limebaki, tafuta `.o` la zamani. Faili la `.h` limebadilika, Makefile haikujua, na `b.o` ni la jana. Futa mafaili yote ya `.o` ukompaili upya kabla hujatafuta sababu ya ndani zaidi. Tafuta pia makro kama `#ifdef TUMIA_NYUZI` inayobadilisha tangazo: ikiwa imewashwa kwa faili moja na kuzimwa kwa jingine, utapata ujumbe huuhuu.

6. Ujumbe unataja `errno` na `libc.so.6`. Mimi sijafafanua `errno` popote!

Kweli hujafafanua, ila kuna faili linalosema `extern int errno;`. Msimbo wa zamani ulikuwa ukiandika hivyo bila shida, enzi `errno` ilipokuwa kigeu kimoja cha kawaida. Katika glibc ya leo ni kigeu cha uzi, na `<errno.h>` huigeuza kuwa makro inayoita `__errno_location()`. Futa tangazo hilo, weka `#include <errno.h>`, basi. Mambo ni yaleyale kwa `h_errno` na `<netdb.h>`.

Mfano mashuhuri ni daemontools ya Daniel J. Bernstein. Kwa miaka mingi watu waliojaribu kuikompaili kwenye Linux walikutana na kosa hili, na suluhisho lililozoeleka ni kuongeza `-include /usr/include/errno.h` ndani ya faili la `conf-cc` bila kugusa msimbo. Mbinu hiyo inafaa kwa programu yoyote ya zamani usiyotaka kuihariri.

Kwenye Alpine, ambayo hutumia musl badala ya glibc, msimbo uleule unatoa `undefined reference to errno`, kwa sababu huko hakuna kabisa jina hilo la kulinkia. Dawa ni ileile.

7. Natumia OpenMP, sijaandika `thread_local` hata mara moja. TLS imetoka wapi?

Imetoka kwenye `threadprivate`. `#pragma omp threadprivate(hesabu)` katika C, au `!$omp threadprivate(/bloku/)` katika Fortran, humwambia GCC akifanye kigeu kuwa cha uzi. Lakini mstari huo una maana pale tu ulipokompaili kwa `-fopenmp`. Bila opsheni hiyo, kwa Fortran ni maoni tu yanayorukwa, na kwa C ni pragma isiyojulikana. Ukikompaili mafaili matatu kwa `-fopenmp` na la nne bila hiyo, la nne litaona bloku ya kawaida ya `COMMON`, na linka itatoa ujumbe wa swali la 5.

Kwa hiyo weka `-fopenmp` kwa kila faili linalogusa kigeu hicho, na wakati wa kulinki pia. Katika miradi ya Fortran yenye Makefile ya miaka mingi, angalia kama saraka ndogo zina opsheni zake zenyewe. Huko ndiko linakojificha faili la nne.

8. Linka yangu si ya GNU. Ujumbe wake unafanana vipi?

`lld` husema `TLS attribute mismatch: hesabu`, kisha hutaja mafaili mawili chini yake. Linka ya Apple husema `illegal thread local variable reference to regular symbol _hesabu`. Zote zinamaanisha ya swali la 5.

9. Napata `multiple definition of hesabu`. Si kila uzi unatakiwa uwe na nakala yake?

Nakala ni za nyuzi, si za mafaili. Ufafanuzi unatakiwa uwe mmoja katika programu nzima. Umeandika `thread_local int hesabu;` ndani ya `.h` bila `extern`, na kila faili lililoiingiza limefafanua lake. Weka `extern` kwenye `.h` na ufafanuzi katika `.c` moja. Katika C++17 na kuendelea unaweza kuandika `inline thread_local int hesabu = 0;` ndani ya `.h` na kuacha hapo.

Usikimbilie `static thread_local` ndani ya `.h`. Kosa litatoweka, na badala yake utapata tatizo la swali la 22, ambalo ni gumu zaidi kuliona.

## Maktaba za `.so`

10. "relocation R_X86_64_TPOFF32 against symbol `hesabu' can not be used when making a shared object, recompile with -fPIC"

Faili limekompailiwa kwa kudhani kwamba litaingia kwenye programu kuu. Programu kuu inajua tangu mwanzo vigeu vyake vya uzi viko umbali gani kutoka kwenye kielekezi cha uzi, kwa hiyo kompaila imeacha nafasi ya namba hiyo ndani ya amri ya prosesa. Maktaba ya `.so` (ya pamoja, inayopakiwa kando na programu) haijui itapakiwa wapi wala baada ya nani, hivyo namba hiyo haipo.

Fanya ujumbe unavyosema: kompaili faili hilo upya kwa `-fPIC`, yaani msimbo unaoweza kupakiwa popote. Kwenye prosesa nyingine jina la relokesheni (agizo kwa linka la kujaza namba hiyo) hubadilika (`R_386_TLS_LE` kwa i386, `R_AARCH64_TLSLE_ADD_TPREL_HI12` kwa AArch64) lakini maana haibadiliki.

11. Nimeshaweka `-fPIC` na bado inakataa. Sasa?

Swali hili huulizwa karibu sawa na la 10, na jibu liko mahali pachache.

Kwanza, tazama ujumbe unataja faili gani. Ikiwa ni kitu kama `libzana.a(util.o)`, basi kosa haliko kwenye mafaili yako bali ndani ya maktaba tuli unayoiingiza kwenye `.so`. Mafaili ya ndani ya `.a` nayo lazima yawe ya `-fPIC`. CMake haiweki opsheni hiyo kwa maktaba tuli usipoiomba. Weka `set(CMAKE_POSITION_INDEPENDENT_CODE ON)` juu, kabla ya kutaja maktaba.

Pili, tafuta `-fPIE`. Inafanana na `-fPIC` kwa jina, lakini ni ya programu kuu, na kwa vigeu vya uzi hutoa relokesheni ileile ya `TPOFF32`. Zikiwepo zote mbili kwenye mstari mmoja, ya mwisho ndiyo inayoshinda. Baadhi ya mifumo ya ujenzi huongeza `-fPIE` mwishoni kwa ajili ya usalama, na yako ya mwanzo ikapotea bila onyo.

Tatu, mtu amelazimisha modeli. Tafuta `-ftls-model=local-exec` kwenye opsheni na `tls_model("local-exec")` kwenye msimbo; hizo zinaipiku `-fPIC`. Msimbo wa asembli ulioandikwa kwa mkono una tatizo hilohilo, nao hakuna opsheni itakayourekebisha.

Ukitaka uhakika, `objdump -dr util.o | grep TPOFF` itakuonyesha funksheni yenyewe. Lakini soma kwa makini: `GOTTPOFF` si kosa kwenye `.so`, `TPOFF32` ndiyo kosa.

12. Hizo modeli ni zipi, na nichague ipi?

Ziko nne. `global-dynamic` inafaa popote. Huita `__tls_get_addr` ili kupata anwani. `local-dynamic` ni ya vigeu kadhaa vya maktaba ileile, ili mwito mmoja uvihudumie vyote. `initial-exec` husoma umbali kutoka kwenye GOT (jedwali linalojazwa programu inapopakiwa), na inahitaji kigeu kiwe katika kitu kilichopakiwa programu ilipoanza. `local-exec` ni ya programu kuu peke yake.

Usichague. Kompaila huchagua kutokana na `-fPIC`, `-fPIE` au kutokuwepo kwake, na linka huishusha hadi iliyo nyepesi zaidi inapoona inaweza. Watu hulazimisha `initial-exec` katika maktaba kwa ajili ya kasi. Wana haki hiyo kwa maktaba za mfumo zinazopakiwa mwanzoni, lakini maktaba yako ikija kupakiwa kwa `dlopen` (programu ikiwa tayari inakimbia), mtumiaji wako ndiye atakayelipa, kama inavyoelezwa katika swali linalofuata.

13. Kulinki kumepita, ila programu ikianza inasema "cannot allocate memory in static TLS block".

Hili si kosa la linka bali la kipakiaji (kinachoingiza maktaba za `.so` kwenye kumbukumbu), lakini chanzo chake kiliandikwa wakati wa kulinki. Maktaba yenye `initial-exec` inadai nafasi katika bloku ya TLS ambayo ukubwa wake huamuliwa programu inapoanza. glibc huacha akiba kidogo kwa watakaochelewa. Maktaba zikija moja moja kwa `dlopen`, akiba inakwisha, na aliyefika mwisho anafukuzwa. Kwa hiyo jina lililo kwenye ujumbe ni la aliyekosa nafasi, wala huenda hakula nyingi. glibc za zamani zilikuwa na ujumbe wa jamaa yake: `cannot load any more object with static TLS`.

Wanaotumia Python kwenye vifaa vya AArch64 wanalijua vizuri, hasa kwa `libgomp.so.1`, ambayo huvutwa na maktaba za hesabu na za picha. Kuna njia kadhaa:

- Pakia maktaba hiyo mapema: `LD_PRELOAD=/njia/ya/libgomp.so.1 python3 kazi.py`. Ikipakiwa mwanzoni, mahitaji yake huhesabiwa kwenye bloku yenyewe badala ya akiba.
- Badilisha mpangilio wa `import`, ile inayolalamika iwe ya kwanza. Inafanya kazi, ila ni kuhamishia njaa kwa mwingine.
- Kwenye glibc mpya, ongeza akiba: `GLIBC_TUNABLES=glibc.rtld.optional_static_tls=2048`. Kawaida ni baiti 512.

Kama maktaba ni yako, dawa ya kweli ni kuondoa `initial-exec`. `readelf -d libyako.so` ikionyesha `STATIC_TLS` kwenye mstari wa `FLAGS`, ujue inadai nafasi hiyo. jemalloc (maktaba ya kugawa kumbukumbu) ina opsheni ya `--disable-initial-exec-tls` kwenye `configure` kwa sababu hii hasa.

14. Kwenye Alpine napata "initial-exec TLS resolves to dynamic definition".

Ni swali la 13 kwa sauti ya musl. musl haina akiba: maktaba yenye `initial-exec` ikija kwa `dlopen` inakataliwa moja kwa moja. `GLIBC_TUNABLES` haitakusaidia huko. Tumia `LD_PRELOAD`, au kompaili maktaba bila modeli hiyo.

15. `undefined reference to __tls_get_addr`, wakati mwingine na "DSO missing from command line".

Kwenye glibc funksheni hii inakaa ndani ya kipakiaji chenyewe, `ld-linux-x86-64.so.2`, si ndani ya `libc.so.6`. Ukiita `gcc` au `clang` ikulinkie, kipakiaji huingizwa bila wewe kujua. Ukiita `ld` moja kwa moja, au ukitumia `-nostdlib` na kutaja maktaba kwa mkono, unakiacha nje. Rudi kwenye `gcc -o programu ...`. Sioni faida ya kumpita dereva (yaani `gcc` au `clang`) kwa programu ya kawaida. Wanaojua kwa nini wanaita `ld` wenyewe hawahitaji ukurasa huu.

## C++

16. `undefined reference to TLS init function for hesabu`. Sijaandika funksheni kama hiyo.

Kaiandika kompaila, au ilitarajia faili jingine liiandike. Ukitangaza `extern thread_local Aina hesabu;`, faili linalokitumia halijui kama kwingineko kigeu kinaanzishwa na konstrakta. Kwa hiyo halikigusi moja kwa moja. Linaita funksheni ya kifuniko, `_ZTW6hesabu`, ambayo nayo huita `_ZTH6hesabu` iwapo ipo, kisha hurudisha kigeu. `c++filt` itakusomea majina hayo. GCC huyaita `TLS wrapper function` na `TLS init function`.

Sababu za kuangalia, kwa mpangilio wa ninavyozishuku: faili lenye ufafanuzi halipo kabisa kwenye mstari wa kulinki, ufafanuzi uko ndani ya `.so` ambayo imeficha majina kwa `-fvisibility=hidden` au kwa orodha ya majina yanayotolewa; au kigeu kimetangazwa `thread_local` upande mmoja na `__thread` upande wa pili.

Kama kigeu kina thamani isiyobadilika na hakina konstrakta wala destrakta ya kuita, mwambie kompaila hivyo. Katika C++20: `extern thread_local constinit int hesabu;`. Kifuniko kinatoweka na kosa linatoweka nacho. Kwa GCC, opsheni ya `-fno-extern-tls-init` inaahidi jambo hilohilo kwa vigeu vyote vya nje. Ahadi ikiwa ya uongo, konstrakta haitaitwa, na hakuna atakayekuonya.

Njia ninayoipenda mimi haihitaji ahadi yoyote. Kifiche kigeu, toa funksheni:

```
// hesabu.cpp
int& hesabu() {
    static thread_local int h = 0;
    return h;
}
```

Linka sasa inaona funksheni ya kawaida tu. Inapita kwenye Linux, macOS, MinGW na hata kati ya DLL za Windows. Kuna gharama ya mwito mmoja, lakini kifuniko nacho kilikuwa mwito.

17. Msimbo uleule unalinkiwa Linux, unakataa MinGW au macOS. Kwa nini?

Kwenye Linux rejeo la `_ZTH` ni dhaifu: lisipopatikana linakuwa sifuri, na kifuniko kinaliruka. MinGW na Cygwin hutumia umbo la PE (la mafaili ya programu za Windows), ambalo halishughulikii marejeo dhaifu kwa namna hiyo, na hivyo kutokuwepo kwa funksheni kunakuwa kosa. Kwenye macOS Clang hutoa kifuniko katika faili lenye ufafanuzi peke yake. Ukifafanua kwa `__thread` na kutangaza kwa `thread_local`, utaambiwa `thread-local wrapper routine for hesabu` haipo. Kwa zote mbili, tazama funksheni iliyo mwishoni mwa swali la 16.

## Mifumo mingine

18. Android: `undefined symbol: __emutls_v.hesabu` au `__emutls_get_address`.

Kabla ya Android 10 (API 29) mfumo haukuwa na TLS ya ELF (umbo la mafaili ya programu kama la Linux), kwa hiyo Clang ya NDK (zana za C na C++ za Android) iliiga: kila kigeu cha uzi hugeuzwa kuwa kigeu cha udhibiti kiitwacho `__emutls_v.hesabu`, na kukisoma ni kuita `__emutls_get_address`. Tangu NDK r26, ukilenga API 29 au zaidi, TLS halisi hutumika.

Kosa huja unapochanganya: `.a` iliyojengwa kwa API 24 ndani ya programu ya API 29. Mmoja anatafuta `hesabu`, mwingine `__emutls_v.hesabu`. Jenga vyote kwa kiwango kimoja cha API, au lazimisha upande mmoja kwa `-femulated-tls` ama `-fno-emulated-tls`. Ukikosa `__emutls_get_address` yenyewe, hujaingiza maktaba ya msaada ya kompaila; sababu ni kama ya swali la 15.

19. Windows: C2492, `_tls_index`, `__dyn_tls_on_demand_init`.

C2492 hutoka unapoweka `__declspec(dllexport)` juu ya kigeu cha uzi. Windows haina njia ya kutoa kigeu cha uzi nje ya DLL. Toa funksheni.

`_tls_index` au `_tls_used` kukosekana ni dalili ya `/NODEFAULTLIB`: majina hayo yanatoka kwenye maktaba ya C ya Microsoft, nawe umeizuia. `__dyn_tls_on_demand_init` ni ya Visual Studio 2019 toleo 16.5 na kuendelea. Ukiikosa, una `.lib` iliyokompailiwa kwa toleo jipya na unailinki kwa zana za zamani. Pandisha zana, au mwombe mwenye maktaba aikompaili kwa `/Zc:tlsGuards-`.

20. Kifaa kidogo cha ARM bila mfumo endeshi: `undefined reference to __aeabi_read_tp`.

Kompaila inauliza kielekezi cha uzi kiko wapi, na hakuna wa kujibu. Kama una mfumo mdogo wa nyuzi, andika funksheni hiyo irudishe anwani ya bloku ya uzi unaokimbia, na hakikisha skripti ya linka imeweka `.tdata` na `.tbss` zikifuatana, vinginevyo utapata `TLS sections are not adjacent`. Kama huna nyuzi kabisa, ondoa neno `thread_local`. Mara nyingi limeingia na maktaba iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta kubwa.

## Visa vya pembeni

21. "TLS transition from R_X86_64_TLSGD to R_X86_64_GOTTPOFF against `hesabu' ... failed"

Linka ilitaka kushusha modeli (swali la 12), na ili iweze, inatarajia mfuatano kamili wa amri: kwa x86-64 ni baiti 16 zenye `lea` na mwito wa `__tls_get_addr`, pamoja na viambishi vya kujazia. Ikakuta kitu kingine. Karibu kila mara ni asembli ya mkono ambayo imeacha viambishi hivyo, au kompaila isiyo ya kawaida. Linka za GNU za karibuni hutaja amri iliyotarajiwa. Kwa asembli yako mwenyewe, andika funksheni ndogo ya C inayorudisha anwani ya kigeu, ikompaili kwa `-S`, na unakili mfuatano ulivyo, bila kupunguza baiti hata moja.

22. Hakuna kosa lolote, lakini uzi uleule unaona thamani mbili tofauti za `hesabu`.

Tafuta `static thread_local` ndani ya `.h`. Kila faili lililoiingiza lina kigeu chake chenye jina lilelile, na kila kimoja kina nakala kwa kila uzi. `readelf -sW programu | grep hesabu` itaonyesha mistari kadhaa ya `TLS LOCAL` badala ya mmoja wa `TLS GLOBAL`.

Sababu ya pili ni maktaba tuli iliyoingizwa mara mbili: mara moja ndani ya programu, mara nyingine ndani ya `.so` iliyokompailiwa kwa `-fvisibility=hidden`. Kila upande una `hesabu` yake, na linka haina la kulalamikia kwa kuwa majina hayakutani. Iache maktaba hiyo upande mmoja tu, au igeuze iwe `.so` ambayo pande zote zinaitumia. Ukichapisha `&hesabu` kutoka pande zote mbili ndani ya uzi uleule, anwani zikitofautiana, umempata.